Mende Mwenye Dirisha Mgongoni

Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1984

Hakuna mtu anayejua neno hili, hata bibi yangu, Bibi Asha, ninayelala naye kitanda kimoja, na yeye anajua mpaka ndoto zangu kwa kuwa nazisema kwa sauti. Kengele mpya ya shule yetu, ile ambayo leo asubuhi Préfet, mkubwa wa shule, aliisifu mbele ya bendera, akampa mwalimu wetu Citoyen Bolamba mkono na kuutikisa kama anayevuta pampu ya maji, programu yake niliiandika mimi.

Sikusema kwa sababu kusema ni kazi ambayo sikupewa. Nikiulizwa swali darasani, jibu linafika mpaka kwenye meno, linasimama hapo kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa, halafu linarudi kwao. Kuandika ni kitu kingine. Naandika Kiswahili kwa akili: shuleni daftari la Kifaransa kila mtu analifungua, lakini la Kiswahili, kwa kuwa mimi ni Zaina binti Hemedi, wanadhani ni la chuo cha Kurani na wanalirudisha kwa heshima.

Mambo yalianza mwezi wa tano. Jante, chuma cha gurudumu la lori, tuliyokuwa tunaigonga kuita watu darasani iliibwa, pamoja na nyundo yake. Préfet akamwamuru Citoyen Bolamba, mwalimu wa umeme, atengeneze kengele ya kisasa inayojipiga yenyewe. Katika kabati la atelier, karakana ya shule, kulikuwa na carton ya Monsieur Léon, mwalimu Mbelgiji aliyerudi kwao. Ndani: bamba lenye prosesa moja na vitufe kumi na sita, vitabu vitatu, vyombo vichache, na karatasi aliyoiandika kwa mkono: «Vya kusoma na vya kushika, kwa yeyote atakayeendelea.»

Mimi nilikuwa na zamu ya kufagia atelier, na kila zamu nilikuwa nasoma vile vitabu kidogo kidogo. Kwenye droo nikakuta programu ya Citoyen Bolamba, namba zimejipanga kama siafu, na kosa katika mstari wa tisa. Nikasahihisha kwa penseli, nikakimbia. Kesho yake nikakuta mistari mingine, makosa mengine, na penseli mpya iliyochongwa. Hivyo tulifanya kazi wiki sita, yeye na mimi, bila kusemezana hata bonjour zaidi ya ile ya darasa zima. Sijui kama anajua ni nani. Siku nyingine nadhani anajua. Siku nyingine nadhani anafikiri ni roho ya Monsieur Léon, na ndiyo maana akipita kwenye ile droo anashusha sauti.

Jumanne, tarehe 4 Septemba

Kengele imelia saa moja na nusu kuingia, saa nne mapumziko, saa sita na nusu kutoka. Kila mara moyo wangu umeruka kabla yake.

Alhamisi, tarehe 6 Septemba

Nimeinakili karatasi ya Monsieur Léon, maana mchwa wa lile kabati hawachagui.

Kitabu cha kwanza, kikubwa, ni cha prosesa. Ameandika: «Anza sura ya nne. Sura ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya wauzaji.» Ni kweli, niliisoma, inasifu tu kama mtu anayeuza mbuzi mgonjwa. Kitabu cha pili, chembamba, ni cha hesabu za ndiyo na hapana: «Usikisome bila penseli.» Cha tatu si kitabu, ni karatasi za kiwanda kilichotengeneza vile vipande, zimefungwa kwa kamba: «Vitabu viwili vya juu vikigombana, hizi ndizo hakimu.»

Vyombo: mashine ya kupima umeme, chuma cha kulehemu («usimwazimishe mtu anayetengeneza sufuria»), daftari la miraba, taa ya kufutia, «na kama haipo, jua». Na mstari wa mwisho, umepigiwa mstari mara mbili: «Mtu wa kumwelezea programu yako kwa sauti, hata kama haelewi. Hasa kama haelewi.»

Vyote ninavyo au naweza kuvipata, isipokuwa huyo mtu.

Jumamosi, tarehe 15 Septemba

Salongo, kazi ya lazima ya taifa. Tumelima majani ya uwanja mpaka saa tano. Mvua.

Jumatano, tarehe 19 Septemba

Leo neno kubwa. Wametupa karatasi za section, za kuchagua mkondo wa masomo. Mzazi aandike msichana wake anakwenda wapi, couture, yaani ushonaji, au umeme, na ziwe zimerudi ifikapo tarehe kumi ya mwezi wa kumi na mbili. Citoyen Bolamba alizigawa huku akitazama dari, akasema, «Nafasi za umeme ni kwa wasichana pia,» dari ikakubali.

Papa, baba yangu, ni fundi cherehani. Meza yake iko barazani kwa muuza chumvi, nyuma ya ukuta wa shule. Aliisoma ile karatasi akiwa na pini mdomoni.

«Couture,» alisema. «Mashine iko, mwalimu iko hapa, mimi. Unaenda kutafuta nini kwa umeme?»

Mama akasema kwa niaba yangu kwamba walimu wanasema kuna kazi.

«Walimu gani? Wale ambao waliibiwa mpaka jante? Bon. Sikiliza, mama Zaina. Wamesema wako na kengele ya umeme. Wiki ya kwanza ya desemba nitaiangalia na saa yangu hii, siku tano, saa ya batoto kutoka. Ikisema kweli siku tano, nasaini umeme. Ikisema uongo siku moja tu, mutoto anakuja kushona. Fundi anajulikana kwa kazi.»

Hajui kwamba fundi mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake anamenya ndizi.

Ijumaa, tarehe 28 Septemba

Radi imeangusha mti juu ya waya wa umeme unaokuja shuleni.

Jumatatu, tarehe 1 Oktoba

Shule imetoa groupe yake ya zamani, injini ya dizeli iliyolala kwenye kibanda nyuma ya atelier. Mwendeshaji wake ni Papa Cyprien. Kwa karatasi jina lake ni Likunde, kama sheria ya majina ya kienyeji inavyotaka, lakini ukiita Likunde hageuki. Anaiwasha saa moja kamili asubuhi na kuizima tukitoka. Kengele inafanya kazi bila shida. Programu yangu inahesabu mapigo ya umeme, hamsini kwa sekunde, kama kitabu kikubwa kinavyosema: «Saa ya hakika na ya bure.» Papa Cyprien anaishika injini yake kwa sikio, hamsini kamili, anasema ikikosea anasikia jino linamuuma.

Alhamisi, tarehe 4 Oktoba

Nimempata mtu.

Nilifikiri hivi: kumwelezea mtu kwa sauti siwezi, lakini mtu aliyekaa karibu na injini inayonguruma hasikii kitu. Basi saa ya mapumziko nikakaa kwenye gogo kando ya Papa Cyprien, nikafungua daftari la miraba, nikamweleza programu yote kutoka mstari wa kwanza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kidogo tu. Yeye alikuwa anafuta vibao vya injini na kutikisa kichwa kwa adabu. Nilisema kila kitu! Kwamba kila pigo la injini yake linahesabiwa na bamba. Kwamba mapigo elfu tatu ni dakika. Kwamba dakika zikitimia kengele inalia. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeona makosa mawili madogo, na shingo yangu ilikuwa nyepesi.

Monsieur Léon alijua alichoandika. Nitarudi kila wiki.

Jumatano, tarehe 10 Oktoba

Saa ya Papa imeanza kuzeeka. Amesema inachelewa dakika tano. Ameirekebisha.

Jumanne, tarehe 16 Oktoba

Papa amekuja kula mapema. Sombe, kisamvu chetu, ilikuwa bado inachemka, Mama ndiyo kwanza anatia mawese. Maneno. Mama amesema njaa yake siku hizi ina haraka. Papa amemwonyesha saa.

Alhamisi, tarehe 18 Oktoba

Mvua. Saa ya Papa imechelewa tena. Ameipeleka kwa mtengeneza saa, imetiwa mafuta.

Ijumaa, tarehe 2 Novemba

Mwenzangu Florentine, ambaye amekaa dawati moja nami miaka mitatu na hajachoka kuongea kwa ajili ya sisi wawili, amesema mwaka huu masomo ni matamu, yanaisha kabla hujaanza kuyachukia. Nilicheka. Halafu sikucheka. Niliazima saa ya mkono ya Georgette wa dawati la mbele. Kengele ya kutoka ililia saa sita na dakika kumi.

Dakika ishirini! Programu yangu imekosea dakika ishirini.

Jumatatu, tarehe 5 Novemba

Nimepitia mistari yote. Sioni kosa.

Jumanne, tarehe 6 Novemba

Nimepitia tena. Sioni. Sombe mbichi tena, maneno tena.

Jumatano, tarehe 7 Novemba

Sioni. Nikilala naona namba, Bibi amenipiga kiwiko: «Eh, wewe! Unahesabu pesa ya nani?»

Ijumaa, tarehe 9 Novemba

Leo Préfet naye ameona. Baada ya nyimbo za chama na bendera alitusimamisha kwa mistari kwenye jua la saa moja, akatembea mbele yetu, mikono nyuma.

«Citoyens, citoyennes, wananchi. Shule hii inatoka kabla ya saa. Nani anaiba dakika za taifa?»

Halafu akatoa neno lile ambalo likitoka mdomoni mwa mkubwa watu wanaacha kupumua: sabotage, hujuma. Akamgeukia Citoyen Bolamba.

«Citoyen, hii kengele ni ya nani?»

Citoyen Bolamba alifungua mdomo. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye abacost, lile koti lisilo na tai, mpaka kwenye kifungo cha pili. Nilijua anachokitafuta, maana mimi naishi humo: jibu lilikuwa limefika kwenye meno. Kama angesema «si yangu», mkono ule aliopewa septemba ungerudi umebeba kitu kingine.

«Ni... ni ya shule, Citoyen Préfet. Nitaisahihisha.»

«Kabla ya desemba. La sivyo nitaandika ripoti, na ripoti haibaki Kisangani.»

Mwaka mzima nilimwona kama mtu anayevaa sifa za wengine. Leo nimeona mtu mwenye haya kama yangu, isipokuwa yake imepewa mshahara na chaki.

Kwenye droo kulikuwa na kikaratasi, cha kwanza tangu tuanze: «Tafadhali.»

Jumatatu, tarehe 12 Novemba

Nimelipata kosa, na si langu.

Saa tano nilikuwa atelier. Taa juu ya kichwa changu iliongeza mwanga, polepole, kama mtu anayefungua macho. Nikachukua mashine ya kupima, nikachomeka kwenye ukuta: asubuhi ilikuwa ikisoma mia mbili na ishirini, sasa ilipita mia mbili na arobaini. Na sauti ya injini ilikuwa imepanda, sauti ya mtu anayekimbilia chakula.

Nilikwenda kwenye kibanda. Papa Cyprien alikuwa amesimama, kidole gumba juu ya mkono wa mafuta wa injini, ule wa kuongeza mwendo, anausukuma kidogo kidogo, macho yamefumba kama anayepiga gitaa.

«Papa Cyprien!»

Nilipiga kelele. Mimi. Akashtuka, akausukuma zaidi, mahali fulani shuleni taa ikapasuka.

«Ah, dada Zaina. Karibu kwa gogo yako.»

«Unafanya nini?»

«Minafanya saa,» alisema, bila aibu yoyote. «Si wewe njo ulinielezea? Pigo elfu tatu, dakika moja. Mimi nikiharakisha pigo, dakika inaharakisha.»

«Nilidhani hausikii!»

«Mutu wa injini hasikii? Mimi minasikia mpaka tumbo ya batoto wa première, wale badogo. Saa tano banasikia njaa, wale. Minasikia hapa.» Akagusa tumbo lake mwenyewe, ambalo kwa kweli lilikuwa linasema kitu. «Miaka kumi na saba minakaa na groupe. Wakubwa banapita, banasema Likunde, washa, Likunde, zima. Wewe tu njo ulikaa chini, ukanifundisha kama mutu. Ulisema injini yangu njo inahesabu shule nzima. Nikarudi nyumbani nikamwambia bibi yangu, mama ya batoto: mama, kuanzia leo ulale na mwenye saa.»

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa njiani.

«Utanisemea kwa Préfet?» aliuliza, na sasa sauti ilikuwa ndogo. «Sema tu. Lakini lile neno lake... mimi niko na batoto sita.»

Nilimwambia sitasema. Nilimwomba aache. Akasema ataacha. Kengele ililia saa sita na dakika kumi na mbili.

Jumanne, tarehe 13 Novemba

Saa sita na dakika kumi na moja. Papa Cyprien anasema mkono wake umezoea, unasukuma peke yake.

Alhamisi, tarehe 15 Novemba

Nimekaa na hesabu hizi. Nikimsema Papa Cyprien, kengele itasema kweli na Papa atasaini umeme, na mtu mmoja atachukuliwa kwa neno kubwa kuliko mwili wake. Nikinyamaza, desemba kengele itasema uongo, na mimi nitashona mifuko ya mashati mpaka nife.

Nikarudi kwenye karatasi ya Monsieur Léon: vitabu vikigombana, hakimu ni karatasi za kiwanda. Nimezisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Bamba lina jiwe lake dogo ndani ya kopo la chuma, quartz, linalotetemeka lenyewe mara milioni mbili kwa sekunde, halijui groupe wala Préfet wala njaa. Na kila amri ya prosesa imeandikwa inakula mitetemo mingapi. Basi niache kuhesabu mapigo ya injini, nihesabu ya jiwe! Kitabu kikubwa kiliniambia umeme wa ukutani ni saa ya hakika kwa sababu aliyekiandika hajawahi kukutana na Papa Cyprien.

Ijumaa, tarehe 16 Novemba

Programu mpya imekwisha kwa penseli, kurasa kumi na moja. Nimeiacha kwenye droo. Jioni nimekuta jibu: mende wa pili, na kikaratasi: «Afutwe kwanza.»

Mende ni jina alilokipa Bibi. Ni kipande cheusi chenye miguu ishirini na minne, ndani yake programu inalala hata umeme ukikatika, na mgongoni kina dirisha la kioo. Kumfuta mende ili aandikwe upya, unamulika kwenye lile dirisha. Taa ya kufutia Monsieur Léon alikwenda nayo. Imebaki «jua». Pembeni ya orodha yake aliandika: «Siku saba kamili, bila wingu.»

Novemba. Kisangani. Bila wingu.

Jumamosi, tarehe 17 Novemba

Mvua.

Jumapili, tarehe 18 Novemba

Mvua.

Jumatatu, tarehe 19 Novemba

Jua saa mbili na nusu. Bibi alikuwa ametandika mkeka wa ndakala, samaki wadogo wa kukausha, nikamlaza mende katikati yao, tumbo chini.

«Hii inakulaka nini?» Bibi aliuliza.

«Inakula jua, Bibi.»

«Na ikishiba?»

«Inasahau kila kitu.»

«Kama babu yako,» alisema, akampa nafasi nzuri zaidi, mbali na kivuli cha mpapai.

Jumatano, tarehe 21 Novemba

Jua nusu siku! Kuku amemdonoa mende. Bibi alimfukuza kwa ndara yake, ndara ikampata jirani, jirani akaja kulalamika, akaonyeshwa mende, akaondoka akisema nyumba hii ina dawa. Miguu miwili imepinda. Nimeinyoosha kwa pini za Papa.

Alhamisi, tarehe 22 Novemba

Mvua. Papa anasema siku hizi habari za radio zinachelewa. «Tunajua Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Sasa wameongeza na dakika ishirini juu yake. Inchi hii!» Mama amemwomba asiseme kwa sauti.

Nimeongeza baadaye, tarehe 5 Desemba: niliandika hilo bila kulifikiria. Laiti ningelifikiria.

Jumamosi, tarehe 24 Novemba

Jua siku nzima, sikukuu ya chama, watu wote wameungua kwenye gwaride, mende pia. Nililifurahia jua kuliko kiongozi yeyote aliyekuwa jukwaani.

Jumatatu, tarehe 26 Novemba

Asubuhi nilimwacha mende kwenye droo apimwe, mchana nikamkuta na kikaratasi: «Vyumba vya kumbukumbu 2048. Bado 41 vichafu.»

Jumanne, tarehe 27 Novemba

Jua. 17.

Jumatano, tarehe 28 Novemba

Mvua mpaka saa nane, halafu jua la kulipiza. 3. Bibi anamgeuza mende kila anapoinuka kwenda kusali, kama vile na yeye ana upande wa pili wa kuiva. Nimemwambia asigeuze.

Alhamisi, tarehe 29 Novemba

Jua. Sifuri! Citoyen Bolamba ameandika sifuri kubwa, ameizungushia maua mawili. Sikujua anajua kuchora maua.

Ijumaa, tarehe 30 Novemba

Tumemwandika mende mpya na kumweka kwenye bamba, plasta ya kidonda juu ya dirisha lake. Nimesema «tumemwandika» kwa sababu leo nilikuwepo. Nilikuwa nafagia, yeye akaingia, hakutoka. Alishika karatasi, akasoma namba kwa sauti, mimi nikabonyeza vitufe. Dakika arobaini. Mwishoni alisema, akitazama dari: «Mademoiselle Zaina, mstari wa tisa ulinisumbua sana mwezi wa tano.» Nikasema: «Ndiyo, Citoyen.» Yalikuwa mazungumzo makubwa kwa watu wawili.

Jumatatu, tarehe 3 Desemba

Siku ya kwanza ya wiki ya Papa. Papa Cyprien alisukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, taa mbili zikapasuka, feni ya Préfet ikarusha ripoti dirishani. Kengele haikujali. Ililia saa sita na nusu kamili kwa saa ya Georgette, kwa saa ya Préfet, kwa saa ya Citoyen Bolamba ambaye alinitazama mimi na si dari.

Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi. Papa alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

«Unaona, mama Zaina? Nilisema nini? Siku ya kwanza tu! Kengele yao imechelewa dakika ishirini.»

Jumanne, tarehe 4 Desemba

Imechelewa dakika ishirini.

Jumatano, tarehe 5 Desemba

Ishirini. Nimeelewa sasa. Tangu oktoba, kila mchana akiwa kwenye cherehani, kengele ya kutoka ikilia kabla ya saa yake, Papa alidhani saa yake ndiyo mbovu. Kengele ni ya Serikali, saa yake ameinunua sokoni. Akaisogeza mbele dakika tano, tena tano, mpaka ikafika ishirini. Ndiyo maana ya sombe mbichi. Ndiyo maana ya radio. Kengele iliposema uongo, Papa aliiamini siku baada ya siku. Sasa inasema kweli, nayo imeshindwa mtihani.

Kama nisingeshika kitu, kama ningemwacha Papa Cyprien na kidole chake, leo ingekuwa sawasawa na saa ya Papa, na angesaini.

Ijumaa, tarehe 7 Desemba

Nimesema.

Papa alikuwa amekwisha kukunja kitambaa cha bluu mezani, futi tatu, sketi ya couture, ya kwangu. Alikuwa ameshika mkasi.

«Papa, usikate.»

Akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza ameisikia sauti yangu bila kuulizwa.

«Saa yako njo mbaya. Kengele iko sawa. Ile kengele nilitengeneza mimi.»

Mama aliweka mwiko chini. Bibi akasema kutoka ndani: «Na mende wangu!»

Nilimweleza yote, na nilipoona hanielewi nilikwenda kwenye cherehani yake, ambayo siku za ijumaa anairudisha nyumbani mapema. «Papa, chukua kama hivi. Unashona, lakini kanyagio haukanyagi wewe, anakanyaga mutu mwingine nyuma ya ukuta. Wewe unahesabu tu sindano inashuka mara ngapi. Unasema: mara elfu tatu, mkono moja ya shati. Yule mutu akiharakisha...»

«Nashona mbio, nadhani siku imeisha,» alisema Papa polepole.

«Sasa nimetoa mguu wake. Kengele inajikanyaga.»

Alikaa. Aliangalia saa yake kama anayeangalia mtoto aliyeletwa na polisi.

«Donc, wiki saba hizi, wewe njo umenilisha sombe mbichi.»

«Ndiyo, Papa.»

«Na nikagombana na radio.»

«Ndiyo, Papa.»

«Huyo mutu nyuma ya ukuta, nani?»

Hapo nilijua kwamba akienda kwa Préfet na jina, ataonekana baba mwema na mambo yangu yatanyooka siku hiyohiyo. «Sitasema.»

«Mimi baba yako nauliza.»

«Hapana, Papa. Iko na batoto sita.»

Hapana. Kwa Papa. Mama alishika mdomo. Papa aliweka mkasi chini, hakukata, akavaa viatu vyake vya ijumaa akaenda msikitini.

Jumapili, tarehe 9 Desemba

Karatasi inarudi shuleni kesho. Jana Papa hakufungua kazi. Aliondoka na saa yake mkononi, ameishika, hakuivaa, akatembea mpaka Makiso, katikati ya mji. Mama ameniambia alikopita: kwa mlinzi wa benki, kwa wapakiaji wa bandarini wanaosubiri meli, mwisho kwa yule mtengeneza saa aliyeitia mafuta bure. Aliwauliza wote saa ngapi, kama mgeni. Walimjibu neno moja wote, na saa yake ilikuwa mbele yao dakika ishirini.

Leo mchana tulikula pamoja, sombe imeiva mpaka imelainika. Papa alikula bila kunitazama. Halafu alisema, kwa sombe na si kwangu: «Fundi akikata kwa utepe mubaya, halaumu kitambaa.» Akatoka barazani.

Sijui sombe ilielewa nini. Mimi naandika hapa kitandani kwa sababu mikono inataka kazi. Nawasikia huko nje. Papa anavuta kiti. Mama anamwuliza kama kile kitambaa cha bluu amwuzie mke wa muuza chumvi, na Papa anasema amwuzie, sasa mutoto atavaa blouse ya atelier, koti la kazi, si sketi. Blouse ya atelier!

«Mama Zaina, biki ya nyumba hii iko wapi? Nataka kusaini ile karatasi kabla haijafika usiku.»

«Muulize Zaina, yeye njo alichukua.»

Biki, kalamu ya nyumba nzima, ni moja, na ninaandika nayo. Viatu vyake vinakuja, kimoja kinalia kila hatua, amefika kwenye pazia, naweka daftari chini ya mkeka wa...